Kwa nini gari linatoka sevisi likiwa bovu kuliko lilivyoingia?

#1 Mtembezi_wa_Embakasi
Wadau, habari za jioni. Nina swali, lakini acheni kwanza niwape kisa.

Nina Toyota Axio ya 2011, injini ya 1NZ, niliyoiagiza mwaka 2018. Sevisi nafanya kila kilomita 5,000, sijawahi kuruka hata moja. Wiki tatu zilizopita niliipeleka gereji moja huku Industrial Area, Nairobi. Si kibanda cha kando ya barabara: pana lango, pana risiti, pana viti vya kungojea na televisheni. Kazi ilikuwa oili, filta ya oili na filta ya hewa, basi. Baada ya dakika 35 nikaitwa, nikalipa, nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunaelekea Naivasha, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tulipopita Kinungi taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima injini papo hapo na kusogea pembeni. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ilikuwa kavu. Nikiinama chini ya gari naona sampu yote, lile bakuli la oili chini ya injini, imelowa.

Gari lilikokotwa hadi Naivasha mjini. Mzee mmoja wa huko akafungua nati ya sampu, ile ya kumwagia oili, akaniita nije nione. Nyuzi za nati, ile mistari inayoishikiza, zilikuwa zimezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, na juu yake silikoni. Nyuzi za ndani ya sampu zilikuwa zimekufa zamani.

Sasa, kuharibu kitu ni bahati mbaya, mtu yeyote anaweza. Lakini huyu aliharibu, akaona ameharibu, akatafuta tepu, akafunika, akanipa risiti. Nilipowapigia wakaniambia, "Gari ulileta likiwa hivyo." Na kama lilikuwa hivyo, kwa nini hawakuniambia?

Swali langu: sevisi ya oili ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Mbona ndiyo inayoharibiwa kila siku?

#2 DereSugu
Pole sana, na hongera kwa kuzima injini mara moja. Wengi huendelea "hadi petroli stesheni ifuatayo" na injini inakwama hapo hapo.

Jibu langu ni moja: mashine ya upepo. Nati ya sampu inataka kukazwa kwa mkono. Kijana anachukua ile mashine ya kufungulia tairi, anaiweka kwenye nati ya soketi 14, trrrr, kwisha. Mashine hiyo inatoa nguvu ya kushikilia gurudumu, si ya kuziba kishimo cha oili.

#3 Binti_wa_Langata
Pole kaka. Afadhali wewe walifanya kazi vibaya. Mimi hawakuifanya kabisa.

Mwaka jana nilishuku gereji niliyoizoea. Kabla ya kuwapelekea gari nikachukua rangi ya kucha, nikaweka alama ndogo kwenye filta ya oili chini, na nyingine kwenye ukingo wa filta ya hewa. Nilipoletewa gari, risiti inasema filta zote mbili mpya. Nikafungua boneti nyumbani: rangi yangu nyekundu hiyo pale. Filta ya hewa walikuwa wameipuliza vumbi kwa kompresa tu, ile ya oili hawakuigusa.

Niliporudi na kuwaonyesha, mwenye gereji alimgeukia kijana na kumfokea mbele yangu. Kijana akabaki anaangalia chini. Mpaka leo sijui ni kijana aliyeiba filta au ni tajiri aliyemtuma asiweke.

#4 Mpita_Njia254
Dada hapo juu, hiyo ya rangi ya kucha nimeichukua. Nyumbani ipo, ni ya mke wangu, nitajieleza baadaye.

#5 Mhandisi_Kimya
@DereSugu uko sawa kwa sehemu. Nati ya sampu ya 1NZ inatakiwa kukazwa kwa takriban Nm 38 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Nati za magurudumu za gari hilo hilo ni Nm 103. Mashine ya upepo ya kawaida inatoa mia kadhaa. Kwa hiyo ndiyo, inaweza kuua nyuzi kwa mkupuo mmoja.

Lakini mara nyingi haziuawi siku moja. Nati ya sampu ina gasketi yake, ile washa nyembamba. Inatakiwa ibadilishwe kila oili inapomwagwa, kwa sababu ikishabanwa mara moja imelala. Nani hapa amewahi kuona ikibadilishwa? Washa ikiwa imelala, oili inatiririka kidogo. Fundi anakaza zaidi. Sevisi inayofuata inavuja tena, anakaza zaidi tena. Baada ya mara kumi nyuzi zinatoka na ile nati kama nyuzi za mkeka. Aliyekuwepo siku hiyo ndiye anayelaumiwa, kumbe walioziua ni mafundi kumi.

#6 Mtembezi_wa_Embakasi
@Mhandisi_Kimya hilo la washa sikulijua, asante. Nimehesabu, gari hili nimelifanyia sevisi 14 tangu 2018, na kabla ya hapo Japani sijui mara ngapi. Sijawahi kuona washa kwenye risiti hata siku moja.

Lakini bado tepu ni tepu. Tepu haikujizungusha.

#7 Fundi_Miaka19
Nimekuwa nasoma hapa kimya kwa miaka. Leo nitaandika kwa sababu mimi ni makanika, nina gereji ndogo Kariobangi Light Industries, na mambo mnayosema ni kweli, ila mnayaona kutoka upande wa kiti cha kungojea.

Mteja wangu wa kawaida anafika saa tatu na nusu asubuhi. Ametoroka kazini. Mkononi ana oili aliyonunua mwenyewe Kirinyaga Road, na filta aliyopewa na muuzaji aliyemwambia "hii inaingia." Mimi nikiiona tu najua mpira wake si wa injini hiyo. Nikisema, ataona nataka kumuuzia yangu. Leba ni shilingi 800, anaomba iwe 500. Kisha ananiambia, "Fundi, nifanyie chap chap, nina mkutano saa nne na nusu."

Injini imetoka barabarani, ina moto. Oili ya moto inatoka vizuri, hilo ni jema, lakini kijana hataki kuungua. Analegeza nati, anaiachia idondoke kwenye beseni la oili chafu, anaiokota na mchanga wake. Sasa weka mchanga kwenye nyuzi ukaze. Hapo hata mkono mtupu utaua.

Vijana nina watatu. Mmoja ana cheti cha ufundi cha serikali, NITA Gredi III. Wawili wanajifunza kwangu kama nilivyojifunza kwa wengine, kwa kutazama. Kijana akikosea, jambo la kwanza analoogopa si gari lako. Anaogopa kukatwa pesa. Sampu mpya ni pesa yake ya wiki mbili au zaidi. Hapo ndipo tepu inapotoka.

Sisemi hivyo ili nimtetee. Nasema ndivyo inavyotokea.

#8 Shangazi_Probox
@Fundi_Miaka19 asante kwa ukweli. Lakini mzee, mbona basi hata gereji za bei ghali, ambako mteja haleti oili yake wala haombi kupunguziwa, mambo ni yale yale? Mtembezi alilipia bei kamili na akakaa kwenye kiti cha ngozi.

#9 Karani_wa_Upper_Hill
@Shangazi_Probox kwa sababu pesa ya kiti cha ngozi haifiki chini ya gari. Nilifanya hesabu za vitabu kwa gereji kubwa moja kwa miaka minne. Mafundi walilipwa kwa idadi ya magari wanayomaliza kwa siku. Gari likirudi na tatizo, lilihesabiwa sifuri. Sasa niambie ni nani atakayeliandika kuwa limerudi kwa kosa lake? Na ni nani atakayetumia dakika kumi zaidi kutafuta washa?

Mimi sioni kama ni suala la ujuzi. Mtu huwa anafanya kile anacholipiwa.

#10 Noti_Nyeupe
Nasikitika kusoma hapa maana mimi nilikuwa na Nissan Note, na sasa sina.

Gia za CVT, zile otomatiki za ukanda. Nilimwambia fundi abadilishe oili ya gia, nikaenda kazini. Akaweka ATF nyekundu, oili ya gia za otomatiki za kawaida, eti oili ya gia ni oili ya gia. Baada ya wiki moja gari likaanza kutetemeka likiondoka, mzunguko wa injini unapanda lakini gari haliendi. Gia ya mtumba niliambiwa shilingi 70,000 bila leba. Nililiuza kama lilivyo.

Note zote zinataka oili ya NS-3, wadau. Andikeni mahali.

#11 Mhandisi_Kimya
Pole @Noti_Nyeupe. Nirekebishe kidogo ili mtu asije akaharibu lake: si zote. Note za toleo la E11 zenye CVT zinataka NS-2. Ni E12, zilizoanza 2012, ndizo za NS-3. Toyota nazo zina yao, CVT Fluid FE kwa nyingi za karibuni. Ndani ya CVT kuna ukanda wa chuma unaobana kwenye puli mbili. Oili yake imeundwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. ATF haikuundwa kwa kazi hiyo. Soma kijiti au kitabu cha gari lako, usisome uzi huu.

#12 DereSugu
Halafu kuna hii ya kuondoa thamostati, ile vali inayozuia maji ya rediata mpaka injini ipate moto. Kila gari la mtumba nililowahi kununua hapa Nairobi nililikuta halina. Makanika anakwambia, "Hii ni ya nchi za baridi, hapa hatuihitaji."

#13 Mzee_wa_504
Kijana, tuliziondoa sisi, na magari yalienda. Peugeot 504 yangu ilitembea hadi Lodwar na kurudi bila thamostati, na maji ya mto kwenye rediata. Magari ya leo ni laini na watu wa leo ni laini. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1976 kwa barabara ambazo Axio isingemaliza kilomita kumi.

#14 Shabiki_wa_Vumbi
Shikamoo mzee. 1976 alikuwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer, ushindi wake wa tatu baada ya 1965 kwa Volvo na 1974 kwa Lancer. 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Hiyo ya 1978 ilikuwa coupé, ile ya milango miwili, yenye injini ya V6.

#15 Mzee_wa_504
Marahaba. Umenikosoa vizuri, nakubali, nilikuwepo pale barabarani mwaka wa 75 nikachanganya. La thamostati nabaki nalo.

#16 Mhandisi_Kimya
Mzee wangu, kwa heshima: bila thamostati injini inachelewa kupata moto wake. Nyingi za Toyota hufungua karibu nyuzi 82. Ikikaa chini ya hapo kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi, inaongeza petroli. Ndiyo maana watu wanalia gari linakunywa.

Na maji matupu: hapa Nairobi tuko juu kiasi cha mita 1,700 na zaidi, maji kwenye sufuria yanachemka kama nyuzi 94, si 100. Kinachookoa ni kifuniko cha rediata kinachoweka presha. Kifuniko kikizeeka, na maji ndiyo hayo, mlima wa Mai Mahiu utakuonyesha. Kulanti, ile dawa ya maji ya rediata, inafaa pia kwa kutu, si kwa baridi tu.

#17 Mama_Pacha_Ruiru
Jamani tumetoka kwenye oili tumefika Safari Rally.

Mimi yangu ni breki. Nilibadilishiwa pedi za mbele, nikalipa 4,500. Baada ya siku mbili kelele ya chuma. Fundi wa pili akatoa pedi, tukaziona: ni za zamani, zimeparwa msasa usoni zionekane mpya. Nilikuwa nimebeba watoto wangu wawili kwenda shule na kurudi kwa pedi hizo, kupitia Thika Road, saa kumi na mbili asubuhi, malori kushoto na kulia.

Mtu anaposema "ni kosa la kijana anayejifunza," mimi siwezi kukubali. Msasa unachukua muda. Huyo alikaa chini, akapara pedi nne, akijua ni za breki.

#18 Fundi_Miaka19
@Mama_Pacha_Ruiru hapo sina la kusema. Hilo si uzembe, ni wizi wenye hatari ya maisha. Pole sana, mama.

#19 Mwanafunzi_wa_Sheria_KE
Mtembezi, umewahi kufikiria Mahakama ya Madai Madogo? Iko Milimani. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kikomo cha madai ni shilingi 200,000.

#20 Karani_wa_Upper_Hill
Kikomo ni milioni 1. Ile Sheria ya 2016 ilianza na laki 2, ikapandishwa na marekebisho ya 2020. Sehemu nyingine uko sawa kabisa. Lakini ushahidi ndio mgogoro: utathibitishaje kwamba nyuzi hazikuwa zimekufa kabla?

#21 Mwanafunzi_wa_Sheria_KE
Asante kwa kunirekebisha. Kuhusu ushahidi: tepu na silikoni yenyewe, picha, maandishi ya yule mzee wa Naivasha, na risiti inayoonyesha gereji ndiyo ya mwisho kufungua nati hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inataka huduma iwe ya kiwango kinachofaa. Kesi si ya kuua nyuzi tu, ni ya kuficha.

#22 Mpita_Njia254
Swali la kijinga: filta ya oili inaweza kuvuja bila nati ya sampu kuhusika? Mimi yangu ilimwaga oili yote dakika tano baada ya kutoka gereji, pale karibu na Nyayo. Nati ilikuwa sawa.

#23 DereSugu
Si la kijinga. Huo ni mpira wa zamani. Ukifungua filta kuukuu, wakati mwingine mpira wake unabaki umegandia kwenye injini. Fundi asiyetazama anafunga mpya juu yake. Mipira miwili haiwezi kukaa. Ukiwasha, presha inapanda, unaruka. Kutazama ni sekunde tatu.

#24 Kijana_wa_Spana
Mimi ni mmoja wa hao vijana mnaowasema. Nina miaka 22, niko gereji Ngara mwaka wa pili. Silipwi mshahara, napewa chakula na nauli, na kidogo gari likiisha vizuri. Sijawahi kushika ile spana inayopima nguvu. Iko moja, imefungiwa kwenye kabati la tajiri, inatolewa akija mteja wa injini kubwa. Hizo Nm 38 nimezisoma hapa leo kwa mara ya kwanza.

Tepu sijawahi kuweka. Lakini najua inapokaa.

#25 Shangazi_Probox
@Kijana_wa_Spana asante kwa kusema, mwanangu. Endelea kusoma.

#26 Mtembezi_wa_Embakasi
@Fundi_Miaka19 nina swali kwako, na naomba unijibu kama ulivyojibu mwanzo. Nyuzi zikifa mkononi mwako leo, gari la mteja mwenye mkutano saa nne na nusu, unamwambia?

#27 Fundi_Miaka19
Leo namwambia. Nampeleka kwa fundi wa leithi, ile mashine ya kuchonga chuma, anachonga bushi ya nyuzi mpya, tunagawana gharama au nabeba yote kama ni kijana wangu.

Lakini umeuliza vizuri, kwa hiyo nijibu vizuri. Mwaka 2011, ndiyo kwanza nimeanza kujitegemea, nyuzi za Probox moja zilikufa nikiwa naikaza mimi mwenyewe. Si kijana, mimi. Mteja alikuwa amesimama nje akizungumza na simu. Nilikuwa na shilingi 300 mfukoni na kodi ya gereji ilikuwa imepita siku sita. Nikaweka silikoni. Nikamwambia, "Iko sawa, mzee." Akanishukuru, akanipa mia ya chai.

Hakurudi tena. Huenda alihamia gereji nyingine, huenda injini ilikufa njiani. Namba yake ya gari naikumbuka hadi leo. Ninapokuwa barabarani huwa naitafuta.

#28 Binti_wa_Langata
Nimesoma hiyo mara mbili.

#29 Karani_wa_Upper_Hill
Na bado naona inaunga mkono nilichosema #9. Kodi ilikuwa imepita siku sita. Mfumo ulimlipa kwa kuficha.

#30 Mama_Pacha_Ruiru
Karani, wengi wana kodi iliyopita na hawafichi. Mimi nauza nguo Gikomba, nikiona nguo imepasuka naionyesha kabla mtu hajalipa. Kodi yangu pia hupita.

#31 Mzee_wa_504
Zamani fundi alikuwa anakuita chini ya gari akuonyeshe. Sasa mmewekewa kioo na televisheni, "wateja hawaruhusiwi kuingia karakana." Hapo ndipo lilipoanza hili.

#32 DereSugu
Mzee, hilo la kioo nakuunga mkono asilimia mia, ingawa thamostati urudishe.

#33 Mtembezi_wa_Embakasi
Nawapa taarifa. Sampu haikubadilishwa. Nimetengenezewa bushi ya nyuzi mpya na fundi wa leithi hapo Kariobangi, shilingi 2,500, na washa mpya ya shilingi 50 ambayo nilijinunulia mwenyewe. Kilomita 400 sasa, pakavu. Injini inasikika sawa, lakini kila asubuhi nainama chini ya gari kabla ya kuwasha. Mke wangu amezoea.

Gereji bado hawajajibu barua yangu. Ijumaa nitakwenda Milimani na picha na ile nati, nimeihifadhi kwenye mfuko na tepu yake.

#34 Kijana_wa_Spana
@Mtembezi huyo wa leithi yuko upande gani wa Kariobangi? Kuna Vitz hapa kwetu, nati inazunguka tu haishiki. Tajiri hajaiona bado. Mwenye gari anakuja saa kumi.